Si Unabonyeza Tu?

Jamani, mimi natengeneza tovuti. Sina ofisi wala bosi. Nina laptopu, feni na chumba cha kupanga hapa Sinza. Kazi yenyewe ni kuandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta. Mama yangu kijijini nikimwambia nashinda naandika kodi, anawatangazia majirani kwamba mwanawe kapata kazi mamlaka ya mapato. Nimeacha kumsahihisha. Angalau hiyo kazi inaheshimika.

Maana hii yangu kila mtu anaiita "kubonyeza". Seremala akichonga hata stuli, randa inalia, vumbi linaruka, mteja anaona jasho kwa macho yake. Mimi nikishinda masaa 6 natafuta nukta mkato moja iliyosahaulika, anayepita dirishani anasema huyu kijana simu zitammaliza.

Sasa mwezi wa pili akanipigia mzee mmoja muuza mabati. Saa tano na nusu usiku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umelala?"

Hilo nalo swali?

"Nataka katovuti kadogo tu kijana wangu. Kazi ya dakika mbili."

Ndugu zangu, ukisikia "ka" mbele ya neno, kamata begi lako. Katovuti, kakurasa, kamarekebisho. Hiyo "ka" haipunguzi kazi hata chembe, inapunguza bei.

Nikamuuliza anataka iweje. "Kama Alibaba." Haya. Alibaba, lile soko la mtandaoni la China, walianza 1999, watu 18, wamejazana nyumbani kwa mwenzao kule Hangzhou. Mimi niko mmoja, na feni yangu ina mguu uliofungwa waya. Nikasema mzee, basi tuandikishane: kurasa ngapi, zinakamilika lini, marekebisho mara ngapi, na nusu ya hela utangulize. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata.

"Kwani huniamini?"

Hapo ndipo nilipoloa. Umri wa baba yangu, utasema humwamini? Nikaanza kazi.

Nikaomba nembo. Akanitumia kwa WhatsApp picha ya kibao cha dukani, kaipiga akiwa ndani ya bajaji, pembeni kuna nusu mbuzi. "Huyo mbuzi mtoe." Nikamtoa. Wiki iliyofuata: "Mbona hapa kushoto pako wazi?"

Halafu voisi. Siku moja nimeamka nimekuta voisi 11. Ya kwanza dakika saba, na katika hizo saba, tano anagombana na kuli juu ya lori. Mwisho kabisa anasema, "Kwa hiyo fanya hivyo hivyo kama nilivyokueleza." Vipi? Nimerudia mara nne, kalamu mkononi. Nilichopata kwa uhakika ni kwamba lori lilikuwa na pancha. Angeandika mistari mitatu tu, ondoa hiki, weka kile, hii bei imebadilika, ningemaliza chai haijapoa.

Nikamwambia jina la tovuti la .co.tz linalipiwa kila mwaka. "Kila mwaka? Kwani napanga?" Ndiyo mzee, unapanga.

Akataka watu walipie mabati kwa simu. "Si unaunganisha tu?" Nikamweleza kwamba kampuni ya simu itataka usajili wa biashara, leseni na TIN, ile namba ya mlipakodi, ndipo impe namba ya kupokelea malipo. Sauti ikabadilika. "TIN yangu unaitakia nini? Nani kakutuma?" Nikataka kumjibu muulize mama.

Na kila nikitaja hela, anatokea mpwa. Yuko kidato cha pili, anaijua sana kompyuta, angefanya bure. Siku moja mpwa akapewa nenosiri "aangalie tu". Akaangalia. Asubuhi ukurasa wa mabati ya geji 28 ulikuwa na picha ya mcheza mpira. Nani alipigiwa simu alfajiri aje kurekebisha? Na hiyo haikuhesabiwa kuwa kazi, ilihesabiwa kuwa msaada.

Kuhusu rangi sitaki hata kuanza. Alitaka bluu, ila bluu iliyochangamka. Nikachangamsha. Imezidi. Nikaipoza. Imekufa. Tovuti ilipokamilika nikamtumia ujumbe wa kudai hela yangu, na hapo nikaiona bluu aliyoridhika nayo: zile tiki mbili. Kasoma. Kimya, wiki tatu.

Nikamfuata dukani. Sikugomba. Nikasalimia, nikakaa kwenye benchi, nikamwambia, "Mzee, nipe mabati 20 ya geji 28 nikaezeke. Masika yakipita nikaona hayavuji, tutaongea. Na kama rangi haikumpendeza mke wangu, utanibadilishia."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akamwita kuli, yule wa lori, aje asikie. "Kijana, bati ni bati! Unalishika!" Halafu akaacha kucheka taratibu, akaanza kupangusapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. Nikajua imeingia. Akasema leo hela hana, lakini hawezi kuniacha nirudi mikono mitupu. Kanipa mabati 12. Geji 30, membamba zaidi, siyo 28. "Hiyo ni mali, siyo hela ya kuchezea."

Tovuti iko hewani, nasikia inamletea wateja mpaka kutoka Morogoro. Mabati yamesimama nyuma ya kitanda changu, ghorofa ya pili, na feni ikiyaelekea yanaimba usiku kucha. Kiwanja sina. Mke mwenyewe sina.

Mwenye nyumba aliyaona yakipandishwa ngazini. Jana kanigongea mlango, kanipa mkono, kanipongeza sana kwa kuanza kujenga, halafu kapandisha kodi. Hii ya chumba, siyo ile ya mama.