Jaribio la t la jozi: p inasema kidogo kuliko tunavyodhani

Ripoti nyingi za jaribio la t la sampuli jozi, yaani hesabu ya kulinganisha vipimo viwili vya watu walewale, huishia kwenye sentensi moja: p iko chini ya 0.05, basi tofauti ipo. Ukitaka kujua ni tofauti ya ukubwa gani, uitafute mwenyewe kwenye jedwali.

Wanaoitetea p wana hoja. Ukiwapima watu walewale mara mbili, namba hazitalingana hata kama hakuna kilichobadilika, nasi ni wepesi wa kuona kisa palipo na bahati tu. p huuliza: kama kwa kweli hakuna tofauti, matokeo makali kiasi hiki au zaidi yangetokea mara ngapi? Ni kichujio, na kina kazi yake.

Shida huanza inapobebeshwa mzigo usio wake. Chukua data alizotumia William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness, katika makala aliyoichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student. Wagonjwa 10 walipewa dawa mbili za usingizi kwa nyakati tofauti. Tofauti kati ya dawa hizo kwa kila mgonjwa, kwa saa za usingizi: 1.2, 2.4, 1.3, 1.3, 0, 1.0, 1.8, 0.8, 4.6 na 1.4. Wastani ni 1.58, t (wastani ukipimwa dhidi ya mtawanyiko wa tofauti na idadi ya watu) ni 4.06 kwa digrii huru 9 (idadi ya jozi ukitoa moja), p ni takriban 0.003. Zichambue data hizohizo kana kwamba ni makundi mawili ya watu tofauti, p inaruka hadi karibu 0.08. Jozi zimemlinganisha kila mgonjwa na nafsi yake, na hiyo ndiyo nguvu ya jaribio hili.

Sasa mtazame mgonjwa wa tisa, yule wa 4.6. Mweke kando (sisemi afutwe, tunapima tu). Wastani unashuka hadi 1.24, dakika 20 hivi za usingizi zimepotea. Mtu angetarajia ushahidi ulegee. Kinyume chake, t inapanda hadi 5.66 na p inashuka chini ya 0.001! Mwenye tofauti kubwa kuliko wote ndiye aliyekuwa akiudhoofisha ushahidi wa p, kwa sababu alitanua mchepuko sanifu wa tofauti, yaani kipimo cha jinsi zinavyotawanyika: bila yeye unatoka 1.23 hadi 0.66. Msomaji wa p peke yake angeapa kwamba pengo la dawa hizo limekua, kumbe limepungua.

Mwaka 2016 chama cha wanatakwimu cha Marekani kilitamka wazi kwamba p haipimi ukubwa wa athari wala umuhimu wake. Masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani ukubwa wa tofauti unaopatana na data, kuanzia mdogo hadi mkubwa, hukaribia zaidi tunachotaka: kwa wagonjwa wote 10 yanaanzia saa 0.70 hadi 2.46. Dakika 42 na karibu saa mbili na nusu si kitu kimoja kwa anayekesha macho wazi. Na p ikizidi 0.05, masafa hayo huonyesha kama tofauti ni ndogo kweli au data tu ni chache.

Nakiri kwamba wengi huyatazama masafa kuona tu kama sifuri imo ndani (ikiwemo, p imezidi 0.05), na hiyo ni p ileile katika kanzu nyingine. Ndiyo maana mimi huanza kwa kuzichora tofauti zenyewe, nukta moja kwa kila mtu, kabla ya kuifungua programu yoyote. Yule wa 4.6 huonekana mara moja.