Jaji Anayesubiri Kura: Namna Majimbo ya Marekani Yanavyowapata na Kuwabakiza Majaji

Nchini Kenya na Tanzania, jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na rais baada ya Tume ya Utumishi wa Mahakama kuhusishwa, na hakuna siku atakayopanda jukwaani kuomba kura. Katika majimbo mengi ya Marekani, jaji anayesikiliza kesi za wizi, mauaji, talaka na fidia huchaguliwa na wananchi, au akishateuliwa hulazimika kurudi kwao baada ya miaka kadhaa ili waamue kama anaendelea. Mjadala kuhusu utaratibu huu huishia mara nyingi kwenye mlango wa kuingilia: kura au uteuzi? Kwa maoni yangu, suala zito zaidi ni namna jaji anavyobaki kwenye kiti.

Wanaotetea kura wana hoja isiyofaa kubezwa. Mississippi ilipokuwa jimbo la kwanza kuwachagua majaji wake wote mwaka 1832, na mengine yakafuata, sababu mojawapo ilikuwa kwamba uteuzi ulionekana kuwa fadhila ya wakubwa kwa watu wao. Hoja hiyo haijafa. Katika kaunti ya Harris jimboni Texas, lilipo jiji la Houston, wanawake weusi 17 walishinda viti vya ujaji katika uchaguzi wa mwaka 2018, na ni vigumu kuamini kwamba kamati ya mawakili wakongwe ingewafikisha wote hao mahakamani kwa mkupuo mmoja.

Hata hivyo, uchaguzi huohuo ulifichua udhaifu wake. Majaji wa Texas hugombea kwa tiketi ya chama, na wakati huo mpiga kura aliyekuwa na orodha ndefu ya majina asiyoyajua aliweza kukichagua chama kizima kwa alama moja na kuondoka. Majaji wa Republican waliokuwa wakitetea viti vyao huko Harris walifagiliwa, hodari na mzembe pamoja, pasipo mtu kuzitazama hukumu zao.

Missouri ilijaribu njia ya kati mwaka 1940, ikiwa imechoshwa na ubabe wa vigogo wa siasa kama Tom Pendergast wa Kansas City. Tume ya jaji, mawakili na raia humpelekea gavana majina 3, naye huteua mmoja. Baada ya angalau mwaka mmoja kazini, wananchi hujibu ndiyo au hapana, bila mpinzani. Kwa mahakama zinazosikiliza kesi kwa mara ya kwanza, mpango huu unatumika katika miji mikubwa na kaunti chache tu. Kwingineko jimboni majaji bado hugombea. Wakosoaji husema mawakili wamepewa sauti kubwa mno, na sioni kama wamekosea kabisa.

Lakini ni kura ya kubakizwa inayonitia wasiwasi zaidi. Huko Pennsylvania, ambako jaji huchaguliwa kwanza kisha hupigiwa kura hiyo kila baada ya miaka 10, watafiti Gregory Huber na Sanford Gordon walionyesha mwaka 2004 kwamba adhabu ziliongezeka ukali kadiri kura ilivyokaribia. Mshtakiwa yuleyule, kwa kosa lilelile, anaweza kufungwa muda mrefu zaidi kwa sababu tu ya kalenda ya jaji.

Hata kwa upande wa kumwajibisha jaji, kura ilishindwa katika jimbo hilohilo. Mark Ciavarella wa kaunti ya Luzerne alisifiwa kwa ukali wake dhidi ya watoto watukutu, na wapiga kura wakambakiza mwaka 2005. Binti mmoja wa shule, kwa kumkejeli makamu wa mkuu wa shule yake kwenye mtandao wa MySpace, alisimama mbele yake bila wakili, na baada ya dakika chache akahukumiwa miezi 3 kizuizini. Baadaye ilibainika kwamba jaji huyo na mwenzake Michael Conahan walikuwa wamepokea mamilioni ya dola kutoka kwa watu waliohusika na vituo binafsi vya kuwazuilia watoto. Kesi za watoto zilisikilizwa faraghani. Mpiga kura angeyajuaje hayo?

Upande wa pili wa upofu huo ni California, ambako Aaron Persky aling'olewa kwa kura mwaka 2018 kwa sababu ya kifungo cha miezi 6 alichompa Brock Turner katika kesi ya shambulio la kingono. Hasira ya wananchi ninaielewa, na adhabu ile ilikuwa ndogo. Lakini ilifuata pendekezo la maafisa wa uangalizi wa wahalifu (probesheni), na tume ya nidhamu ya majaji haikumkuta na kosa la kimaadili. Jaji mwingine aliyeyatazama hayo, atamwonea nani huruma kesho?

Ndiyo maana naegemea mfumo wa Massachusetts, ambako gavana humteua jaji, Baraza la Gavana humthibitisha, naye huhudumu hadi umri wa miaka 70 bila kura yoyote. Naegemea huko nikijua gharama yake: jaji mbaya hubaki muda mrefu isipokuwa chombo cha nidhamu kifanye kazi. Pennsylvania nayo ilikuwa na chombo hicho. Kilipokea malalamiko dhidi ya Conahan mwaka 2006, na hakikuchukua hatua. Miaka miwili baadaye, ni mawakili watetezi wa watoto waliopeleka shauri lao mbele ya mahakama ya juu ya jimbo.