Mzee Asifanywe Mgeni Nyumbani Kwake

Katika nyumba nyingi za Dodoma, siku mzazi anapoambiwa kwamba ana kisukari au presha ndiyo siku anaponyang'anywa jembe, ndoo na ufagio. Mama aliyezoea kupalilia zabibu Hombolo anawekewa kiti barazani, chai anafikishiwa hapohapo, na akiinuka tu anaulizwa anatafuta nini. Watoto wanafanya hivyo kwa mapenzi, nami sina shaka na nia yao, lakini nathubutu kusema kwamba heshima ya namna hiyo inamdhuru.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 haukuwaweka kando wenye maradhi sugu. Nao wanashauriwa kufikisha walau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa mwendo wa kuchangamka, na kupunguza muda wa kukaa; wenye miaka 65 na zaidi wanaongezewa mazoezi ya nguvu na ya kutunza uwiano wa mwili, siku 3 au zaidi kwa wiki, ili wasianguke ovyo. Asiyeweza kufikia kiwango hicho afanye kile anachokimudu. Sababu yake si ngumu: msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kwa mtu ambaye insulini yake, yaani kichocheo cha mwili kinachoshusha sukari ya damu, imedhoofika, ilhali msuli uliokaa kutwa hauvuti kitu cha maana.

Usingizi nao umo humohumo, ingawa kliniki mgonjwa huulizwa zaidi kuhusu dawa na chumvi. Anayesinzia kitini mchana kutwa, akalala saa 2 usiku, hana budi kuamka saa 8 na kuhesabu mabati hadi alfajiri, kisha tunasema ni uzee. Wakati mwingine kinachomwamsha ni kidonge cha kuongeza mkojo alichokimeza jioni, jambo ambalo daktari anaweza kulirekebisha kwa kubadilisha saa tu.

Kwa hiyo mwacheni aende dukani mwenyewe asubuhi, kabla jua letu halijawa kali, na achambue mboga akiinuka kila baada ya muda. Anayetumia insulini abebe kitu kitamu, sukari isije ikamshukia mno njiani, na avae viatu vilivyofunika vidole, maana kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari hakichezewi. Na kifua kikimbana, aache anachofanya na apelekwe hospitali mara moja.