Tuwalipe Mafundi Wapime Kwanza

Mwezi wa nane, kusi ikivuma, Noah yangu ya mwaka 2003 ilianza kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka, nilipokuwa navuka daraja la Sabaki nikitoka Mambrui. Gari likatetemeka, taa ya injini ikawaka. Asubuhi, injini ikiwa baridi, lilikwenda vizuri kabisa. Likishapata moto, taabu ikarudi.

Fundi wa kwanza alichomeka mashine ya kusoma kompyuta, ikaonyesha alama ya kosa P0302. Akasema koili ya silinda ya pili, ile inayoipa plagi umeme wa kuwasha, imekufa. Nikanunua koili. Halafu plagi nne. Halafu sensa. Shilingi 18,000 zikaisha na gari bado linamisi.

Simlaumu yule fundi, na nasema hivi kwa moyo mweupe. Mwambie mwenye gari hapa Malindi kwamba kutafuta ubovu ni shilingi 1,500, atakwambia, "Ya kuangalia tu?" Lakini koili ataitolea 5,000 bila neno, kwa kuwa ameishika mkononi. Fundi ana watoto wa kulisha. Akiinama kwa muda wa saa tatu na mita ya kupimia umeme halafu apewe ahsante, siku ya pili hatapima, atabadilisha spea. Tabia hii tumewafundisha sisi wenye magari, na inatuumiza wenyewe.

P0302 haisemi koili imekufa. Kompyuta ya gari hupima mwendo wa kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na silinda ikikosa kuwaka mwendo ule hulegea kidogo. Kwa hiyo inachojua ni kwamba silinda ya pili haiwaki sawasawa, basi. Huenda ni plagi, nozeli ya mafuta, mgandamizo wa silinda, au waya. Na ukitaka kujua kama koili ndiyo yenye kosa, huhitaji kununua nyingine: ihamishie silinda ya tatu, na ya tatu uilete ya pili. Ubovu ukifuata koili, ni koili. Ukibaki palepale, iache koili ya watu.

Hivyo ndivyo alivyoanza mzee mmoja wa Maweni niliyepelekwa na jirani.

"Mzee, koili ni mpya hii," nikamwambia.

"Najua mwanangu. Washa, uliache lipate moto."

Akazihamisha koili, ya pili kwa ya tatu, ubovu ukabaki silinda ya pili. Injini ikiunguruma, akaanza kuutikisa mkungu wa nyaya polepole, kipande kwa kipande, huku ametega sikio. Alipofika nyuma ya injini, ikakohoa. Akatoa mita. Kwenye betri volti 14.1, ndivyo inavyotakiwa altaneta ikichaji. Kwenye waya wa moto unaoingia koili ile, 10.9. Volti tatu na ushei zilikuwa zinapotelea njiani.

Akafungua tepu. Ndani mlikuwa na kiungo cha zamani ambacho mtu fulani, kabla gari halijawa langu, alikisokota kwa vidole na kukizungushia tepu nyeusi. Shaba ilikuwa imegeuka kijani, inapukutika.

Fundi wa kwanza alikuwa ameupima waya huohuo, na mita ikalia, ishara kwamba waya haujakatika, akasema mzima. Hapa wengi hupotea. Mita inapolia hupitisha umeme kidogo mno, hata uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuiliza. Lakini uzi huo hauwezi kuubeba umeme wa koili. Waya upimwe ukiwa kazini, injini ikiwaka, soketi imechomekwa, ncha ya mita ikipenyezwa kwa nyuma. Na arthi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, vilevile: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.2 hivi injini ikiwa inaunguruma tu, nenda kakwangue kutu kwenye boliti ya arthi kabla hujanunua chochote.

Kwetu pwani jambo hili lina uzito wa pekee. Chumvi ya upepo hunyonya unyevu, unyevu ukiingia kwenye kiungo hutambaa ndani ya ganda la waya, mbali na jicho. Kwa sababu hiyo sipendi kabisa kuona mtu akitoboa waya kwa sindano ili apime. Tundu lile ni mlango. Tepu peke yake nayo haifai, joto la injini huyeyusha gundi yake ikabaki kuhifadhi maji.

Mzee aliukata waya mpaka akafika kwenye shaba inayong'aa, karibu shibri nzima. Akaweka waya mpya wenye unene uleule, akalehemu kwa risasi, akaufunika kwa mpira unaonywea ukipata moto, ule wenye gundi ndani. Kisha akaufunga usichezecheze, maana kiungo cha risasi ni kigumu na mtikisiko hukivunja pembeni. Kazi yote ilichukua saa mbili na nusu. Vifaa vyote shilingi 400.

Ningependa kila gereji ya Malindi ibandike ukutani bei ya kupima, kama kinyozi anavyobandika bei ya kunyoa. Nilipomwuliza mzee kazi ya kupima peke yake ni kiasi gani, alinyamaza, akafuta mikono, akasema hakuna aliyewahi kumwuliza. Nikampa 2,000.