Usukani wa kushoto

Masika iliyopita mpwa wangu wa kidato cha tatu alinionyesha picha iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Magari yamezama hadi madirishani, maelezo yanasema ni Jangwani, Dar es Salaam, asubuhi hiyo hiyo. Wakubwa watatu walishaandika "Mungu atusaidie". Yeye akaikuza kwa vidole. "Mjomba, mbona usukani uko kushoto?" Akaisaka Google kwa picha yenyewe, akaikuta kwenye habari ya zamani ya nchi nyingine kabisa.

Wapo wanaotaka ujuzi huu ufundishwe shuleni, nami ni mmoja wao. Lakini wanaopinga wana hoja. Wanasema tunamtwisha mtoto mzigo wa wenye mitandao. Mwaka 2020 WhatsApp ilizuia ujumbe uliosambazwa mara nyingi usitumwe kwa zaidi ya gumzo moja kwa wakati, na kampuni ikaeleza kuwa usambazaji wa jumbe hizo ulishuka kwa asilimia 70. Hakuna aliyekaa darasani. Sheria nayo ipo: kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, ya mwaka 2015, kinaadhibu taarifa za uongo. Ila hofu ya jela humfundisha kijana kunyamaza tu.

Kinachonisumbua zaidi ni mafunzo yenyewe. Kijana anayeambiwa kila siku "usiamini" ataishia kupuuza hata tangazo la kipindupindu. Na ule ushauri wa "angalia chanzo" hautoshi. Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2017 zilizagaa video zenye nembo za BBC na CNN, zikitangaza matokeo ya kura za maoni kuhusu nani anaongoza. Zilikuwa za kughushi. Aliyeishia kutazama nembo ndiye aliyenaswa.

Kwa hiyo tufundishe kitendo: toka hapo ulipo, nenda kwenye tovuti ya BBC yenyewe, tazama nani mwingine kaandika. Simu moja ya mwalimu na picha tano zinatosha kipindi kizima. Za kweli ziwemo makusudi, ili mwanafunzi azoee pia kusema "hii ni sahihi".

Mpwa wangu hakuandika neno kwenye kundi. "Wataniona nina kimbelembele," alisema. Niliandika mimi, nikataja kwamba yeye ndiye aliyegundua. Jioni mama yake mkubwa alimtumia picha nyingine, akimwomba aikague kabla hajaisambaza.