Mgodi wa Chumvi Ukigeuzwa Kivutio, Jasho la Mchimbaji Huenda Wapi?

Kila likizo ya Agosti inapokaribia, Wanairobi wanaopenda kusafiri huurudia ubishi uleule: kuna haja gani ya kulipia viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90 zisizorudishwa hata ukinyimwa, kubadilisha ndege njiani hadi Poland, kisha kushuka chini ya ardhi kwenda kutazama chumvi? Mgodi unaobishaniwa ni Wieliczka, pembezoni mwa mji wa Kraków. Umechimbwa tangu karne ya 13, na mwaka 1978 uliingia katika orodha ya kwanza kabisa ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na maeneo mengine 11.

Wanaoipinga safari hiyo hawasemi kitu kimoja. Wapo wanaohesabu pesa tu. Hao siwezi kuwabishia, kila mtu anaujua mfuko wake. Lakini wapo wenye hoja nzito zaidi, nayo ndiyo inayonishughulisha. Wanasema mgodi ni mahali ambapo watu walivunjika migongo, waliungua na kufukiwa. Ukipaweka taa za rangi, duka la zawadi na kibanda cha tiketi, umeyauza mateso yao kwa watu waliokuja kupiga picha. Mkenya anayejua jinsi kazi ya shambani na ya mgodini ilivyowatesa babu zake hawezi kuipuuza hoja hiyo.

Mimi nimeshuka Wieliczka, na msimamo wangu ni kwamba mgodi wa zamani unastahili kufunguliwa kwa watalii, ila kwa masharti. Masharti hayo yanaonekana vizuri zaidi ukiutazama mgodi wenyewe.

Unaingia kwa ngazi za mbao katika shimo la Daniłowicz. Vidato ni karibu 380, vinazunguka na kuzunguka hadi magoti yanalegea, na hapo ndipo unafika sakafu ya kwanza, mita 64 chini ya ardhi. Mgodi wote unashuka hadi mita 327 na una zaidi ya kilomita 245 za njia za chini kwa chini. Mtalii huonyeshwa sehemu ndogo mno ya njia hizo, chini ya asilimia mbili. Kitu kinachowashangaza wengi ni rangi. Ukuta si mweupe. Chumvi ya mawe ya pale ni ya kijivu iliyokolea, na asiyeambiwa atapita akidhani ni jiwe la kawaida. Mwelekezi huwaambia wageni waonje kama hawaamini. Nililowesha kidole kwa mate, nikasugua ukuta na kulamba. Ni chumvi kali kuliko ya pakiti. Magogo yanayoshikilia dari yamenyonya chumvi hiyo kwa miaka na miaka hata hayaozi.

Kisha unafika kanisa la Mtakatifu Kinga, mita 101 chini, na hapo hoja ya kwamba utalii huremba mateso inakutana na ushahidi wa kuipinga. Kanisa hilo lilianza kuchongwa mwaka 1896. Halikuchongwa na wasanii walioletwa kutoka mjini. Waliolichonga ni wafanyakazi wa mgodi wenyewe: Józef Markowski, ndugu yake Tomasz, na baadaye Antoni Wyrodek. Kazi iliendelea kwa zaidi ya miaka 60. Madhabahu ni chumvi, sakafu iliyochongwa ikaonekana kama vigae ni chumvi, picha ya Karamu ya Mwisho iliyochongwa ukutani ni chumvi, na hata taa kubwa zinazoning'inia zimepambwa kwa vipande vya chumvi inayong'aa kama kioo. Watu waliokuwa wakiingia kila siku mahali ambapo wangeweza kufa walijitengenezea mahali pa kusali. Kwa hiyo anayesema urembo wa Wieliczka ni uwongo uliobuniwa kwa ajili ya watalii amekosea. Wachimbaji waliuremba mgodi wao kwa mikono yao, na kuupita uzuri huo bila kuutazama ni kuwanyima heshima waliyoitafuta wenyewe.

Hata hivyo wakosoaji wana kitu cha kushika. Njiani kuna sanamu za watu wanaotambaa chini wakiwa na miti mirefu yenye moto kwenye ncha. Hao walikuwa na kazi ya kuteketeza gesi ya methani iliyojikusanya karibu na dari kabla wenzao hawajaingia. Walivaa nguo zilizoloweshwa maji na walitambaa kwa sababu gesi hiyo hupanda juu. Ilipokuwa nyingi kupita kiasi, ililipuka. Wageni wengi husimama hapo dakika moja, wanapiga picha, wanaendelea. Kuna pia habari ya mwaka 1944, Wajerumani walipoanza kujenga kiwanda cha vipuri vya ndege ndani ya mgodi na kuwaleta Wayahudi kutoka kambi ya Płaszów wakafanye kazi kwa lazima. Msafara wa saa mbili au tatu unaoishia kwenye mgahawa na duka unaweza kuigusa habari hiyo juu juu tu. Halafu kanisa lilelile la chumvi hutumika kwa harusi na matamasha.

Harusi sizichukii. Kanisa ni la ndoa pia. Ninachodai ni uwiano: dakika ngapi mgeni anatumia kumsikiliza mchimbaji, na dakika ngapi kwenye foleni ya kununua taa ya chumvi ya mezani.

Wa kulinganishwa nao ni mgodi wa Turda nchini Romania. Uchimbaji ulikoma pale mwaka 1932, nao ukafunguliwa kwa umma mwaka 1992. Baada ya ukarabati mkubwa uliokamilika 2010, mashimo makubwa ya chini yamewekwa gurudumu kubwa la kubembea, meza za michezo, na maboti ya kupiga makasia kwenye ziwa la chumvi. Watoto wanapapenda mno. Mashine ya mwaka 1881 iliyozungushwa na farasi ili kuinua chumvi bado imesimama mahali pake, na hilo ni jambo la kuwapongeza. Lakini palipo na gurudumu la kubembea, mashine ya farasi inashindana na kelele, na mara nyingi inashindwa. Kama ningepewa nafasi ya kuamua, michezo yote ingekaa juu ya ardhi.

Jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili husahau ni maji. Mgodi wa chumvi ulioachwa haukai ukisubiri wanahistoria. Maji yanapenya, chumvi inayeyuka, na mji ulio juu unaweza kutitia. Mwaka 1992 maji yaliingia Wieliczka kwa nguvu hata ardhi ya juu ikaathirika, na mwaka 1996 uchimbaji wa biashara ukakoma. Tangu wakati huo wapo wafanyakazi wanaoshuka kila siku kujaza mashimo hatari, kubadilisha nguzo na kupiga pampu, na tiketi za wageni zaidi ya milioni moja kwa mwaka zinasaidia kulipia kazi hiyo. Anayetaka mgodi ufungwe kwa heshima ya waliokufa aseme pia nani atalipia pampu.

Wageni haohao nao ni tatizo. Wanaingia na pumzi zao na nguo zenye unyevu, na unyevu huila michongo ya chumvi taratibu hadi nyuso za sanamu zinafutika. Kwa sababu ya unyevu UNESCO iliuweka mgodi huo katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1989, na ulitolewa humo mwaka 1998 baada ya mitambo ya kukausha hewa kuwekwa. Watalii wanauokoa mgodi na kuumaliza kwa wakati mmoja. Sioni njia nyingine ya kulitatua hilo ila kupima hewa bila kuchoka na kuthubutu kukataa wageni siku hewa inapozidiwa, hata kama tiketi zinatafutwa.

Sasa nirudi nyumbani, maana huku ndiko ubishi huu unakonikera zaidi. Tunabishana kuhusu Poland ilhali Ziwa Magadi liko kilomita kama 120 tu kutoka katikati ya Nairobi. Unapita Kiserian, unapanda Corner Baridi, kisha barabara inateremka Bonde la Ufa na joto linakupokea. Magadi hakuna handaki. Kinachochimbwa ni gamba gumu la ziwa lenyewe, linalosafishwa kuwa magadi ya kutengenezea vioo, na chumvi pia imetoka huko. Kampuni ya Magadi ilianzishwa mwaka 1911, na reli ya kutoka Konza ilijengwa kwa ajili yake. Mwaka huohuo wa 1911 Wamaasai walilazimishwa kukubali mkataba wa pili, baada ya ule wa 1904, wakahamishwa kutoka Laikipia. Mgeni anayeliona ziwa la waridi, ndege aina ya flamingo na chemchemi za moto, akarudi mjini bila kuelezwa ardhi ile ilipitaje mikononi mwa watu, ameona mandhari tu.

Njiani kuelekea huko kuna Olorgesailie, mahali ambapo wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walianza kuchimbua mashoka ya mawe mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mashoka mengi yameachwa palepale yalipokuwa, na unayatazama ukiwa juu ya daraja la mbao. Hiyo ndiyo namna ninayoitaka: kitu kibaki mahali pake, na awepo mtu wa kukieleza. Lakini magari mengi hupita bila kusimama.

Pwani nako kuna Gongoni na Marereni, ambako chumvi ya jikoni mwetu huvunwa kwenye mabwawa ya maji ya bahari. Mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti ya uchunguzi wa hadharani kuhusu mashamba hayo, baada ya wakazi kulalamikia ardhi, mazingira na hali ya kazi. Huo si mgodi wa kale wa kutembelewa, kazi bado inaendelea. Ndiyo maana nina wasiwasi na utalii wa kwenda kuwatazama watu wakiwa kazini. Ziwa Katwe nchini Uganda wageni huongozwa na wenyeji hadi kwenye mabwawa ambako watu husimama ndani ya maji makali yanayochoma ngozi. Pale mchimbaji yuko hai, anaweza kuulizwa kama anataka kupigwa picha, na anaweza kulipwa. Asipoulizwa na asipolipwa, hata mimi nitasimama upande wa wanaopinga.

Na kwa wanaotaka chini ya ardhi hasa, Kenya inalo pango la Kitum katika Mlima Elgon. Waliolipanua miaka na miaka ni tembo. Huingia usiku, giza totoro, wakipapasa njia kwa mikonga, kisha huparua kuta kwa pembe na kutafuna jiwe lenye chumvi. Alama za pembe ziko ukutani, waziwazi, nyingine juu ya kichwa cha mtu. Sijui mahali pengine penye hadithi ya chumvi inayoishinda hiyo. Lakini Kitum pia inanifanya nisite. Watu wawili waliolitembelea pango hilo, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walikufa kwa homa ya Marburg, ambayo virusi vyake huishi ndani ya popo wanaokula matunda. Ujangili nao umewapunguza tembo wa Elgon vibaya, na waliobaki ni waoga. Kwa hiyo mabasi ya watalii milioni moja siyaombei Kitum hata kidogo. Vikundi vidogo, askari wa wanyamapori mbele, barakoa na glavu, na usiku uachiwe tembo.

Kakamega hali ni tofauti. Mgodi wa dhahabu wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, na hadi leo wachimbaji wadogo wadogo huingia kwenye mashimo ya eneo hilo kutafuta riziki. Kuleta watalii pale kabla ya kuwahakikishia hao usalama ni kukosea mpangilio.

Ninachokitaka Magadi ni kidogo na kinawezekana. Kampuni, serikali ya kaunti ya Kajiado na makavazi ya taifa wakae pamoja, wafungue njia moja ya kutembea kando ya ziwa, na waajiri wastaafu wa kiwanda na wazee wa Kimaasai kuwa waelekezi, kila mmoja asimulie upande wake hata kama hawakubaliani. Sehemu ya ada ya kiingilio ibaki kwa jamii ya pale, kwa mkataba ulioandikwa na unaosomwa hadharani. Wastaafu walioingia kiwandani miaka ya 1960 sasa ni wazee sana, na sauti zao zingerekodiwa sasa, kabla ya kujenga lango au mgahawa wowote.

Mtu akiniuliza aanze na Wieliczka au Magadi, namwambia viza ikipatikana aende Wieliczka, asimame mbele ya sanamu za wale wanaotambaa mpaka mwelekezi amalize kusema. Lakini Magadi aende Jumamosi hii, abebe maji ya kutosha, asimame Olorgesailie, na akifika amlipe mwelekezi wa kulekule badala ya kupiga picha kando ya barabara na kugeuza gari.