Mdudu hasikii dawa, nanyi mnanipa ileile

Hapa Kampala kila mtu ni daktari wa alsa, vidonda vya tumbo. Wa boda anakwambia kunywa maji ya kabichi, jirani anasema wacha rolex, ile chapati ya mayai, na pilipili, na duka la dawa hata hujamaliza kueleza ushafungiwa Flagyl kwa kikaratasi. Mi nilienda kliniki moja, sitaitaja, wakanitoa damu wakasema una H. pylori, yule mdudu wa tumboni anayeleta alsa, nikapewa dozi ya wiki mbili, amoksilini, klarithromaisini na omeprazo ya kupunguza asidi, nikameza yote wallahi. Tumbo bado. Narudi, damu tena, eti bado unaye, dozi ileile. Mara tatu banange! Karo ya mtoto iliishia pale.

Kumbe kipimo cha damu kinatafuta kinga ambazo mwili ulitengeneza, na hizo zinaweza kubaki miezi, hata miaka, mdudu ashakufa zamani. Hakiwezi kukwambia umepona. Cha kukwambia ni cha choo au cha kupuliza, tena usubiri wiki 4 baada ya antibiotiki na omeprazo uiache wiki 2, la sivyo mdudu anajificha unaambiwa uko sawa.

Na akionekana bado yupo, ndo tuulize kama ni sugu. Klarithromaisini inashika pale mdudu anapotengenezea protini zake, sasa herufi moja tu ya jeni ikibadilika, dawa haishiki, utameza mpaka uchoke. Njia ya zamani ya kumjua ni kukuingiza kamera tumboni wanyofoe kinyama, wamwoteshe maabara pamoja na dawa waone inamzuia au la. Ila ana madeko huyo, hewa ya kawaida haitaki, anachukua siku kadhaa na saa nyingine anagoma kabisa kuota. PCR, kipimo cha jeni, inaitafuta ile herufi yenyewe kwa masaa tu, na hata kwa choo inawezekana.

Mwaka 2017 WHO walimweka huyu sugu wa klarithromaisini kwa orodha ya wadudu wanaotakiwa kutafutiwa dawa mpya. Na sisi mashine za kusoma jeni si tunazo, si ndo zinapima TB, si ndo zilipima korona? Kwa tumbo tunabahatisha tu.

Jana nyabo wa duka la dawa kaniona, "Ssebo, nikufungie zile za siku zote?" Nikamwambia apana, leo nipe kikopo cha choo.